Bosco na Supu ya Matanga

Siku mliyoniaga kazini, mmoja wenu alimrushia mbwa wa ofisi ngozi ya kuku wa kukaanga. Sitamtaja jina maana yeye bado ana kazi. Nilikuwa katikati ya hotuba. Niliiacha hotuba papo hapo, nikaruka viti, nikamnyang'anya mbwa ile ngozi mdomoni mbele ya wakubwa wote na mchungaji. Mlicheka hadi soda zikamwagika. Nadhani mlisema ni uzee. Sasa nimetulia kwangu Katito, miguu juu ya kigoda, sina ripoti ya mwezi ya kuandika, na nitawaeleza kwa nini niliruka. Mtanivumilia nikipaza sauti hata kwenye karatasi. Kazi hii niliipenda, bado naipenda, na nikianza kuisimulia siwezi kukaa kimya.

Nilianzia Muhoroni, msichana mwembamba ndani ya buti zilizotengenezewa mwanamume. Niliajiriwa kutibu ng'ombe. Mbwa hakuwa katika hesabu za mtu yeyote. Alikuja kwetu siku ya chanjo ya kichaa tu, akiburutwa kwa kamba ya katani, na aliyemleta alisimama mbali naye kana kwamba hawajuani. Asubuhi yangu ya kwanza nilimkuta mkuu wa kituo, Mzee Ondiek, amepiga magoti sakafuni anampima mbwa joto, na nje trekta za miwa zinapita na kututikisia madirisha. Hakuniuliza jina wala barua ya ajira. "Shika kichwa," aliniambia. Nilishika kichwa, na mbwa akanitapikia buti zote mbili.

Mzee Ondiek aliyachungulia matapishi yale kwa furaha kabisa, kisha akamgeukia mwenye mbwa. "Jana nyumba yenu ilikula nini?"

"Mimi nimeleta mbwa, Mzee," yule bwana alijibu, amekasirika. "Sijaleta nyumba."

Swali hilo lilimletea Mzee Ondiek maadui wengi, lakini hakuliacha. Mbwa wa kwetu hana chakula chake mwenyewe. Anakula kilichobaki kwenye sufuria ya watu, kwa hiyo ukitaka kujua kilichomo tumboni mwake lazima uulizie sufuria. Na hakuna mtu anayependa kuulizwa mambo ya sufuria yake na mgeni. Aliyelala njaa ataona unamwaibisha, na aliyekula nyama atadhani unataka kualikwa. Mzee alinifundisha kuuliza nikiwa nimeinama nafanya kitu kingine, kama kufunga kamba ya buti, ili mtu apate kujibu bila kutazamwa usoni. Jifunzeni hilo. Halimo kwenye vitabu vyenu.

Tulienda pamoja kwenye boma moja ambalo dini yao imekataza kabisa nyama ya nguruwe. Mbwa wao alikuwa hoi, anatapika. Mama wa nyumba alisema walikula sukuma wiki na maharagwe, na Baba akaitikia, naam, sukuma na maharagwe. Wakati huohuo mbwa akatapika tena, na katikati ya povu kukatokea kipande cha ngozi ya nguruwe, kinene, chenye mafuta, nywele bado zimesimama. Mama akamtazama Baba, naye Baba akatazama paa. Mzee Ondiek alisogeza buti lake polepole, akalikanyaga lile jambo, akasema, "Inaonekana hii mbwa imetembelea majirani." Tulicheka njia nzima ya kurudi hadi ilibidi asimamishe pikipiki.

Baadaye nikahamishiwa Kisumu, na huko ndiko nilikojua kwamba mafuta yanaweza kuua. Mnawajua akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Mmoja wao alikuwa na mbwa wa kulinda kibanda, jina lake Tiger. Siku moja sufuria ya mafuta yaliyopoa iliachwa chini, na Tiger akainywa hadi akaona chuma. Nilipofika kesho yake nilimkuta ameweka viwiko na kifua ardhini, matako juu, anatetemeka. Nilidhani anataka kucheza! Nilimpigia Mzee Ondiek simu nikamweleza ninachokiona. "Mbwa anayetaka kucheza huinama kidogo tu, kisha anaruka," alisema. "Huyo wako anaruka?" Nikasema haruki, amekaa hivyohivyo. "Basi hapo anatafuta namna ya kulipumzisha tumbo. Kongosho limewaka."

Kongosho mnalijua, ila wenye mbwa hawalijui, kwa hiyo jizoezeni kulieleza kwa maneno mepesi. Ni kiungo kidogo kilichojificha karibu na tumbo la chakula, na hutoa maji ya kusaga mafuta. Ukilishtua kwa mafuta mengi kwa mkupuo mmoja, maji yale yanaweza kuanza kulisaga kongosho lenyewe. Maumivu yake hayaelezeki. Tiger alikufa mikononi mwangu, na mama mwenye kibanda alinililia akisema, "Lakini Daktari, kila siku si alikuwa anakula tu?" Ni kweli. Kila siku alilamba, siku ile akanywa. Huo ndio ugumu wa somo hili: mbwa wengi watakula mafuta na wasipate chochote, kisha mmoja atakula mlo mmoja na kulala chini, na hakuna anayeweza kukuambia mapema ni yupi.

Niliporudishwa upande wa Nyakach nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Pikipiki yangu ya kazi ilikuwa imezeeka pamoja nami. Mkoba wangu ulikuwa na kipimajoto, dripu, sindano, kisikilizio ambacho sikio lake moja nilikuwa nimelifunga kwa plasta, na kitambaa kirefu cha bendeji. Kitambaa hicho ndicho bora kuliko vyote, maana unamfunga nacho mbwa mdomo kabla wewe hujafungwa nacho jeraha. Wakubwa walinishauri nitulie ofisini hadi tarehe yangu ifike. Nilitulia kiasi.

Ndipo simu ikaleta ile video. Ilitumwa kwenye kundi letu la akina mama wa kanisani, nami nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi. Mzee Owiti, dereva wa trekta aliyestaafu kutoka Muhoroni, alikuwa amezikwa nyumbani kwake karibu na Pap Onditi. Aliishi na mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Bosco, na popote alipoonekana mmoja, mwingine hakuwa mbali. Katika video, Bosco alikuwa juu ya kaburi bichi. Ameinamisha kifua udongoni, pua kati ya miguu ya mbele, nyuma juu. Walioirekodi waliiwekea wimbo wa kwaya, na maneno: Tazameni mbwa anavyomwombea bwana wake.

Nitasema ukweli, machozi yalinilenga. Nikaicheza tena. Mara ya pili nilizima sauti, na wimbo ulipoondoka nikaona mate yanayoning'inia mdomoni. Nikaona tumbo lililokazwa na mapaja yanayotetemeka. Kikombe kilianguka. "Haombi!" nilipiga kelele jikoni peke yangu. "Jamani, huyu haombi!"

Sikumbuki nilivyovaa buti. Nakumbuka barabara tu, na mimi nikiipigia ile pikipiki makelele kana kwamba ni punda.

Nilikuta hema bado limesimama, viti vya plastiki vimejaa, na watu wamelizunguka kaburi wakiwa wameinua simu zao. Kwaya iliimba taratibu. Bosco alikuwa palepale, ameinama. Ouma, mtoto mkubwa wa marehemu, alinijia akiwa na koti zito la suti katika jua lile.

"Karibu, Daktari! Na wewe umekuja kuona maajabu?"

"Nimekuja kuona mgonjwa, Ouma."

"Hapana, hapa hakuna mgonjwa. Hii mbwa inaomba. Tangu juzi inaomba. Watu wametoka mpaka Kisumu kuiona."

Kabla sijajibu, shangazi mmoja alipita kando yangu na bakuli, akiharakisha kuelekea kaburini. Ilikuwa supu ya ng'ombe, na juu yake mafuta ya manjano yameganda. "Nipisheni," alisema, "maskini imechoka kuomba, wacha inywe kitu."

"Weka chini hilo bakuli!"

Kwaya ilinyamaza. Anayemkemea mpishi mbele ya wafiwa huwa amejitafutia makubwa, nami nilijua hivyo, lakini bakuli lilikuwa limeshafika puani kwa mbwa. Nililichukua mikononi mwa shangazi. Kisha nikainama nikafunga kamba ya buti langu, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri, nikauliza, "Tangu mazishi, nyumba hii imekula nini?"

Hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote ya kazi, swali hilo lilipokelewa kwa shangwe. "Fahali wawili!" Ouma alisema. "Hakuna mtu alitoka hapa na njaa, Daktari. Uliza yeyote."

"Na Bosco, nani alimpa chakula?"

Mikono iliinuka pande zote. Mmoja alimpa nundu. Mwingine alimpa utumbo wa kukaanga. Mama wa kwaya alimpa chapati, lakini alisema hazikuwa nyingi. Wa jikoni walikuwa wakimwekea mafuta yaliyoenguliwa juu ya sufuria, kila sufuria. Mzee mmoja aliyekaa na mkongojo wake alinitazama kana kwamba sijui lolote. "Na yeye si mfiwa?" aliuliza. "Mfiwa analishwa. Tulimlisha."

Nilielewa, na moyo uliniuma. Hakuna aliyemtilia Bosco sumu wala aliyemchukia. Walimhesabu kati ya wafiwa, wakamfanyia ukarimu wote wa matanga, na kila aliyepita alitoa kipande chake kwa upendo bila kujua cha mwenzake. Na alipoanza kuinama kwa maumivu, walidhani anaomba, wakamwongezea.

Nilipotaka kumshika, Ouma alinivuta kando. Macho yake yalikuwa mekundu. "Daktari, tafadhali," alinong'ona. "Mama tangu mazishi hakula, hakuongea. Alilala tu kwa mkeka akiangalia ukuta. Juzi hii mbwa ikaanza kuomba, akatoka, akaona, akakunywa uji. Usiku akalala. Amesema Mungu amempokea Mzee. Sasa ukimwambia ni ugonjwa, unamrudisha kwa ule mkeka."

Nimetoa ndama waliokwama na nimepigwa teke na punda, lakini sikuwahi kuogopa kutibu kama nilivyoogopa dakika ile. Mchungaji naye alinikaribia, akaniambia kwa upole nisiharakishe kukatiza kazi ya Mungu. Nilimtazama Bosco. Macho yalikuwa yameingia ndani, ufizi umekauka. Asingefika kesho.

Mama Ouma alikuwa amekwisha kutoka nje mwenyewe, kwa sababu ya kelele zangu. Mwanamke mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Aliniuliza kwa nini wimbo umekatika.

Sikumpa hotuba. Nilimwomba apige magoti karibu nami, kisha nikauchukua mkono wake nikauweka chini ya mbavu za Bosco. "Bonyeza kidogo tu, Mama. Sikia mwenyewe."

Alibonyeza. Bosco aliguna kwa sauti ambayo sijui niiandikeje, na tumbo lake likakaza. Mama Ouma hakuondoa mkono haraka. Alikaa hivyo, anamtazama mbwa usoni.

"Iko ngumu kama ubao," alisema. Kisha akawageukia watu wote, na sauti iliyotoka kwa mtu yule aliyenyamaza tangu mazishi ilinishtua. "Inaumwa! Yawa, sisi tunaiimbia na inaumwa! Wekeni hizo simu chini! Ouma, leta maji. Na wewe mwenye bakuli, rudi jikoni!"

Jamani, vijana wangu, tulivyofanya kazi siku ile! Tulimbeba Bosco kwa kanga hadi kivulini mwa hema. Nilipapasa tumbo nikitafuta mfupa uliokwama, maana mifupa iliyopikwa nayo ina mambo yake, sikuupata. Dripu niliitundika kwenye mlingoti wa hema, kwenye msumari uleule uliobeba picha ya marehemu, na Mama Ouma ndiye aliyeisogeza picha. Nilimchoma dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika. Damu niliituma maabara Kisumu kwa bodaboda, na majibu yalipokuja yalisema kongosho, kama nilivyodhani. Tuliposubiri, Mama Ouma alikaa kwenye kiti kando ya mbwa na fimbo mkononi, na mtu yeyote aliyepita na sahani aliambiwa azunguke nyuma ya nyumba. Hata mchungaji alizunguka.

Siku zetu tulikuwa tukimnyima mbwa wa hivi chakula kwa muda mrefu. Nyinyi mmefundishwa kumrudishia mapema kidogo, mara kutapika kunapokoma, na mko sahihi. Nilimwanzishia maji kwa kijiko. Kisha wali laini na ngege wa kuchemshwa, ngozi imetolewa, bila tone la mafuta, bila chumvi, bila kitunguu. Jikoni walinung'unika sana. "Mgonjwa anapewa samaki ya kuchemsha, isiyo na mafuta?" shangazi alilalamika. "Hata adui sijawahi kumpikia hivyo." Lakini alipika, tena alipika vizuri.

Nilikuwa nikienda na kurudi. Asubuhi moja nilifika nikamkuta Bosco amelala ubavu, miguu imenyooka, na nilidhani tumemkosa. Nikaita jina lake. Sikio likacheza. Akainuka! Akajikung'uta, akatembea akiyumba hadi kwenye pikipiki ya mchungaji, akainua mguu, akakojolea gurudumu lake kwa muda mrefu, mkojo mwingi na mweupe ambao daktari yeyote angeuona fahari. Mimi nilipiga kigelegele. Katikati ya matanga! Watu waligeuka kunitazama kwa mshangao, nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, halafu nikasikia kigelegele kingine nyuma yangu, chembamba, cha Mama Ouma.

Siku ileile lilifika gari la wageni waliokuja kumwona mbwa anayeomba. Bosco aliwapokea kwa mkia, akawanusa mifuko. Walisubiri kwa muda, simu tayari, wakaondoka wamenuna.

Nilipoondoa dripu na kufunga mkoba, Mama Ouma alinisindikiza hadi langoni. Ouma alikuwa ametangulia kunishikia pikipiki. Mama alisimama kabla hatujamfikia.

"Daktari, na mtu anaweza kuinama hivyo? Kama tumbo inamuuma?"

"Anaweza, Mama."

"Mzee, hizo siku zake za mwisho, alikuwa anapiga magoti kando ya kitanda. Anaweka kichwa kwa godoro. Asubuhi, jioni. Mimi nilikuwa nafunga mlango polepole. Nilikuwa naambia wajukuu, nyamazeni, babu anaomba. Akimaliza nampelekea supu."

Nilimwambia mimi ni daktari wa wanyama, siwezi kujua Mzee alikuwa na nini.

"Sikuulizi alikuwa na nini. Nauliza kama ilikuwa inamuuma."

Ningeweza kudanganya, na watu wazuri wangenisifu. "Nadhani ilimuuma, Mama," nilisema. "Na mtu anayeumwa hivyo huomba pia."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, machozi yakimtiririka bila sauti. Nami nililia pamoja naye, sikujificha. Nilijua nimemwondolea kitu ambacho sitaweza kumrudishia, na nilisubiri aanze kurudi kwenye ule mkeka wake.

Hakurudi. Alijifuta uso kwa kanga, akainua macho, na macho yake yakatua kwa Ouma. Alikuwa ameegemea pikipiki yangu, koti limefungwa, ngumi ameibana chini ya mbavu, anapumua kwa mdomo.

"Ouma. Huo mkono umekaa hapo tangu lini?"

"Aa, Mama, ni gesi tu. Ni nyama ya matanga."

"Baba yako pia alisema ni gesi."

Alimwendea. Mbele yangu na mbele ya hema zima, alifungua vifungo vya koti la yule mwanamume mwenye watoto wakubwa, kimoja kimoja, kisha akaweka kiganja chake juu ya tumbo la mwanawe.

"Simama wima," alimwambia. "Na usinidanganye."